Nasaba ya Kicheche wa Bwana Chui

Paukwa!

Pakawa!

Nani yuko macho?

Sisi tuko macho!

Na aliyesinzia?

Aote, atusimulie!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyejifunika shuka mpaka puani, toa sikio moja nje, moja linatosha. Ngano ya leo si ya kupiga kelele. Ni ngano ya mchana wa kiangazi, na mchana wa kiangazi hata uongo unatembea polepole.

Hapo zamani, wakati wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, aliishi kicheche mmoja, jina lake Sikudhani. Kicheche mnamjua? Mrefu wa kiwiliwili, mfupi wa miguu, mweusi, na mgongoni ana mistari myeupe kama aliyepita chini ya ukuta unaopakwa chokaa. Na huko nyuma ana harufu yake. Hiyo harufu sitaieleza, wengine hapa mmetoka kula.

Sikudhani hakuwa na mume, alishakwenda zake. Hakuwa na shangazi, hakuwa na kaka, hakuwa na wa kumwamkia asubuhi. Mama yake, Semeni, alikufa mvua ya mafuriko, na kabla ya Semeni hakumjua mtu. Alichobaki nacho cha mama yake ni sauti tu, ile sauti aliyokuwa akiitoa usingizini: mrrr, mrrr, mrrr, ya chini chini, kama mtu anasaga chumba cha pili. Ila alikuwa na watoto. Watatu, ndani ya shimo la kichuguu, na wa mwisho aliitwa Tosha kwa sababu mama yake alipomwona anatoka alisema, basi, inatosha.

Siku moja jua lilikuwa utosini na bonde zima linasinzia. Nyasi zilisinzia, upepo ulisinzia, hata nzi waliruka nusu nusu. Kule mbali mazigazi yalicheza, ukitazama unaona maji, ukitazama tena huoni kitu. Sikudhani alikuwa anachimba funza wa mbawakawa, kwaru kwaru kwaru. Akachimba, akala. Akachimba tena, akala tena. Aliporudi nyumbani, shimo kimya.

"Tosha?"

Kimya.

"Tosha weee!"

Kimya. Akaingia, akatoka, akaingia tena, kana kwamba watoto watatu wanaweza kusahaulika pembeni. Kisha akainamisha pua. Fu fu fu. Harufu ya chui. Machozi yakaanza kumtoka huku anatembea, maana hakusimama hata kidogo kulia. Aliifuata harufu hiyo mpaka kwenye mkuyu mkubwa wa ukingoni mwa bonde.

Juu ya mkuyu alikuwa amelala Bwana Chui, mkia unaning'inia. Hakuna aliyekuwa na nguvu kama Chui upande ule, na hakuna aliyekuwa mroho kama yeye. Tawi moja lilikuwa na paja la swala, na kwenye ncha ya tawi jingine, jembamba, lilining'inia kapu. Kwenye ukingo wa kapu zilichungulia pua tatu.

Sikudhani angeweza kumpulizia Chui ile harufu yake pale pale. Lakini alifikiri: nikimpulizia, atakimbia, na akikimbia atakimbia na kapu. Na kupanda mkuyu, kwa miguu ile aliyopewa, hawezi. Basi akapangusa macho akabisha hodi.

"Hodi, Bwana Chui."

"Nani?"

"Ni mimi, mama wa hao waliomo kapuni."

"Aa! Umekuja kwa miguu yako. Umenipunguzia kazi."

"Bwana wangu, naomba wanangu. Au kama hunipi, basi washushe kidogo tu, wanyonye. Tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni."

Chui akacheka, kha kha kha, mpaka majani yakadondoka. "Washushe! Wanyonye! Hutaki na mkeka na mto? Unadhani hapa kwa mjomba wako?"

Sikudhani akajiuliza moyoni. Angekuwa na mjomba, angekuwa pale peke yake?

Chui akajinyoosha, akaeleza shida yake, maana hata mroho ana shida. Kila mwaka mara moja, mwezi wa kiangazi ukijaa, wakubwa wote wa bonde walikuwa wanakutana bwawani kwa Bibi Tembo. Kila mkubwa anakuja na mfugo wake, na anaitaja nasaba ya huyo mfugo mbele za watu, kizazi juu ya kizazi, nani kamzaa nani. Kifaru anaye ndege wake wa kumtoa kupe. Mamba anaye ndege wake wa kumchokonoa meno. Na Nyati anaye yangeyange, ndege mweupe mwenye maringo, ambaye nasaba yake ina vizazi tisa. Mwenye mfugo wa nasaba ndefu ndiye anayekaa kulia kwa Bibi Tembo na kula kabla ya wengine. Kila mwaka anayekula wa kwanza ni Nyati.

"Na Nyati anakula majani!" Chui akasema kwa uchungu. "Mimi namaliza mwaka mzima natazama mtu anapewa heshima ya majani."

"Na wewe, bwana, hukuwahi kuwa na mfugo?"

"Nimekuwa nao wengi. Nilikuwa na sungura. Nikamla. Nilikuwa na kanga, mzuri, ana madoadoa kama mimi. Nikamla. Nilikuwa na pimbi..." Akalamba midomo. "Yule pimbi namkumbuka mpaka leo. Lakini wewe huliki. Unanuka. Wewe utadumu."

"Na wanangu?"

"Wadogo hawajaanza kunuka," Chui akasema, akalitazama kapu kwa jicho la upole sana. "Basi sikiliza. Ukinipa nasaba ndefu kuliko ya yangeyange, nitawafuga wote, wewe na wao. Ikiwa fupi, wewe utabaki, wao nitawala siku hiyo hiyo ya mkutano. Sitaki kwenda bwawani na aibu na njaa pamoja."

Akashuka, puu! Akamzunguka Sikudhani kama mtu anayenunua mbuzi. Akahesabu mistari ya mgongoni. Akamfungua mdomo akatazama meno. Akamvuta mkia.

"Mbegu safi hii? Hakuna nguchiro aliyepita katikati?"

"Hakuna nguchiro, bwana."

"Na fungo je?"

"Fungo alikuja kuposa kwa bibi yetu. Tukamkatalia."

"Vizuri. Anza."

Aanze na nini, masikini? Alimjua mama yake tu, na baada ya hapo giza. Lakini kule juu pua tatu zilikuwa zinachungulia, na pua ya Tosha ilikuwa inatetemeka. Basi Sikudhani akakaa kivulini, akafumba macho, akaanza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwalazia watoto:

Sikudhani binti Semeni,
Semeni binti Mwasiti,
Mwasiti alichimba shimo,
shimoni akakuta mlango,
mlangoni kakaa nani?
Kakaa mama yake Mwasiti,
naye anachimba shimo,
shimoni akakuta mlango...

Chui alikuwa ameshapanda tena tawini kwake. Kwenye mlango wa pili jicho lake moja likafumba. Kwenye mlango wa tatu likafumba la pili. Mkia ukaacha kuchezacheza, na juu ya mkuyu ikasikika sauti ya chini chini: mrrr, mrrr, mrrr.

Sikudhani nywele zikamsimama. Akasikiliza, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa. Joto hili, akajiambia. Akaendelea kuimba milango yake mpaka jua likapinda.

Chui alipoamka alikuwa ametoa macho. "We kinyama! Nimemwona mmoja wao! Amekaa juu ya kigoda, ana kilemba cheupe, anachezea konokono!"

"Ana konokono?" Sikudhani akauliza.

"Wa dhahabu!"

"Basi huyo ndiye," Sikudhani akasema, ingawa hakumjua. "Huyo ni mama yake bibi wa Mwasiti. Wengi hawajaliwi kumwona."

Chui akavimba kwa furaha. Na Sikudhani akaondoka na kitu kimoja kichwani, akakitunza vizuri kuliko nyama: anachokisikia Chui akiwa anasinzia, akiamka anaapa amekiona.

Siku ya pili, jua utosini, bonde linasinzia.

"Ongeza!" akasema Chui.

"Naongeza, bwana." Akaongeza. Shimo, mlango, shimo, mlango. Chui akasinzia, akaota, akaamka. Ameona kicheche wa kike anavuka mto akiwa juu ya mgongo wa kiboko, watu wanampigia vigelegele.

"Huyo ndiye," Sikudhani akasema.

Siku nyingine, jua utosini, bonde linasinzia.

"Ongeza!"

"Naongeza, bwana." Na akaongeza, na Chui akaota, na nasaba ikarefuka kama njia ya siafu, mpaka ikafika vizazi tisa, sawasawa na yangeyange. Lakini mwezi nao ulikuwa unanenepa kila siku, na watoto kapuni walikuwa wanakonda. Mchana mmoja Sikudhani akaacha kuimba katikati.

"Mbona umenyamaza?" Chui akauliza.

"Nimesahau, bwana. Nasaba yetu sisi inakaa kwenye maziwa. Mtoto asiponyonya, mimi sikumbuki."

Chui akafikiri. Alitaka kula watoto, lakini alitaka zaidi kula mbele ya Nyati. Akashusha kapu kwa kamba, taratibu, huku kamba ameikanyaga kwa kucha zake zote. Kapu likagusa majani, fyuu. Watoto wakamrukia mama yao, cho cho cho, wananyonya na kusukumana, na Tosha akanyonya huku analia kwa hasira ya kucheleweshwa. Sikudhani akawalamba mmoja mmoja. Ilikuwa furaha kubwa, na ilimuuma, kwa sababu ile kamba ilikuwa bado imekwenda juu mpaka kwenye kucha za Chui.

Naye Chui alikuwa anatazama. Aliwatazama watoto wananyonya, na macho yake yakaanza kulegea kabla hata ya mlango wa kwanza. Sikudhani akaona. Akapunguza sauti mpaka ikawa pumzi:

Semeni alikuwa mchanga,
mama yake kachukuliwa na maji,
Semeni analia majanini,
nani atamwokota Semeni?
Akapita chui jike wa bonde hili,
ana mtoto wake ananyonya,
akamweka Semeni ubavuni,
huku mtoto, huku Semeni,
ziwa moja, joto moja,
lala, mwanangu, lala...

Mrrr, mrrr, ikasikika tawini. Makucha ya Chui yakafunguka na kufumba, yakafunguka na kufumba, kama ya mtoto anayekanda tumbo la mama yake.

Siku hiyo alilala sana, lakini Sikudhani hakukimbia, maana kwa watoto watatu na miguu ile mifupi Chui angewafikia kabla ya kichuguu; akawarudisha kapuni mwenyewe. Alipoamka hakusema we kinyama. Alikaa anatazama mazigazi kule mbali, na kwenye sharubu zake kulikuwa na maji.

"Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika," akasema.

"La nani, bwana?"

"La huyo chui jike. Nimemwona. Alikuwa mama yangu. Na ubavuni mwangu kulikuwa na kitu cheusi, kidogo, kina joto, kinanikanyaga usoni." Akajifuta sharubu. "Mimi nilimpoteza mama yangu ningali mdogo, unajua. Sijawahi kumwota hata mara moja."

Sikudhani aliurudia wimbo wake kichwani. Alikuwa amesema chui jike tu. Habari ya sikio hakuisema yeye.

Lakini mroho hakawii kuurudia uroho wake. Chui akasimama ghafla tawini. "Ngoja! Kwa hiyo nasaba yako inaingia kwangu! Inaingia kwa mama yangu! Mbele ya nasaba yangu mimi, yangeyange ni nini? Ni manyoya tu!"

"Bwana wangu, nakuomba," Sikudhani akasema, akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Hilo moja tusiliseme mbele za watu. Watasema najipendekeza kwa wakubwa. Tuishie vile vizazi tisa, tulingane na Nyati, yatosha."

"Tulingane!" Chui akanguruma, ghrrr! "Yaani mimi nigawane kiti na mla majani? Nitalisema, na nitalisema kwa sauti, na nitaliapia!"

"Kama bwana amesema, mimi nani wa kukataa?" akasema Sikudhani kwa unyonge. Hakuthubutu kuinua uso, Chui asije akaona unavyocheka.

Mwezi ukajaa. Jioni mapema, jua likiwa bado linaelea juu ya bwawa na ukungu unaanza kuota miguuni mwa watu, wakubwa wakakusanyika. Bibi Tembo alikaa katikati. Chui akafika na Sikudhani mbele, kapu begani, na paja la swala mdomoni, ambalo alikuwa amelileta ili alile mwenyewe akishakaa kulia. Sikudhani alikuwa anatembea huku moyo unampiga du du du. Kila kitu kilikuwa kimebaki kwenye mdomo wa Chui. Akisema, watoto watashuka. Asiposema, akasinzia, akasahau, kapu lile ndilo kaburi lao.

Kifaru akasema yake. Mamba akasema yake. Nyati akasema vizazi tisa, na yangeyange mgongoni akajipanga manyoya na kusahihisha matamshi.

"Chui?" akaita Bibi Tembo.

Chui akatua kapu na paja, akajikohoza, akaanza. Shimo na mlango, shimo na mlango, akataja mwenye kigoda na konokono wa dhahabu, akataja mvuka mto, na watu wakaanza kusogea karibu, maana aliwasimulia kama mtu aliyewaona kwa macho. Wengine wakakaa chini. Kifaru akapiga miayo. Vikafika vizazi tisa, na Chui akanyamaza.

Sikudhani akajisemea moyoni: Basi jamani, kumbe atafuata ushauri wangu?

Lakini Chui alikuwa anajaza kifua tu. "Na si hayo tu!" akanguruma. "Mama wa huyu mfugo wangu, Semeni, alinyonya maziwa ya mama yangu mzazi! Tulilala ubavu kwa ubavu, ziwa moja! Naapa kwa maziwa hayo! Nani mwingine hapa ana mfugo wa namna hiyo?"

Hoooo! watu wakasema. Bibi Tembo akapandisha mkonga. "Nasaba ya Chui ndiyo ndefu. Chui, njoo ukae kulia kwangu."

Chui akaenda na paja lake, akakaa. Alikaa vizuri sana, amejinyoosha, mkia ameupanga pembeni. Akamtazama Nyati. Akafungua mdomo kwa lile paja.

"Samahani," akasema yangeyange, kwa ile sauti yake ya puani. "Mimi ni ndege tu, sijui mambo ya wakubwa. Bwana Chui, uliyenyonya naye ziwa moja ni nani wako?"

"Dada yangu. Hata hilo hujui?"

"Na mtoto wa dada yako ni nani wako?"

Chui akabaki mdomo wazi.

"Ni mpwa," yangeyange akasema, akijibu mwenyewe, na kucheka kumeshaanza nyuma. "Sasa, Bibi Tembo, mimi ni mfugo. Tangu lini mpwa akafugwa? Mtu akileta mpwa wake hapa akamhesabu mistari na kumtazama meno, tumwite mwenye mfugo, au tumwiteje?"

Watu walicheka mpaka bwawa likatoa mawimbi. Nyati alicheka huku anapiga kwato. Yangeyange alitaka nafasi yake tu, nafasi ya kwanza aliyoizoea. Habari ya kapu hakuwa nayo kabisa. Na Sikudhani alimpenda siku ile kuliko ndege yeyote aliyewahi kuruka.

Bibi Tembo hakucheka. "Chui, kama ulisema uongo, sema sasa. Ufute kiapo, ukae chini na wengine, na bonde zima lijue uliapa uongo kwa maziwa ya mama yako."

Chui akatazama chini. Hapo ndipo Sikudhani alipoogopa kwa kweli. Kulikuwa na paja, kulikuwa na kapu, kulikuwa na njaa, na kufuta neno moja ni kazi ndogo kwa mtu mwenye nguvu. Chui akalitazama kapu. Sharubu zilimtetemeka.

"Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika," akasema hatimaye, polepole. "Sifuti."

"Basi huna mfugo," akasema Bibi Tembo. "Una mpwa. Na hao waliomo kapuni?"

"Ni..." Chui akameza mate. "Ni wajukuu."

"Na wajukuu wanafanya nini kapuni?"

Sikudhani akajongea mbele, macho chini, kama mpwa aliyelelewa vizuri, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Shikamoo, mjomba."

Jamani, ile marahaba! Ilitoka kwenye koo la Chui kama mfupa unaotoka kwa kupigwa mgongo. "Mara... hm... marahaba."

Na desturi mnaijua. Mpwa akifika kwa mjomba haombi. Anachokiona kinamfaa anachukua, na mjomba anatazama anatabasamu. Akikunja uso, watu watamsema mpaka wajukuu wake. Sikudhani akachukua kapu kwanza. Akalifungua pale pale, na watoto wakamwagika majanini. Kisha akachukua paja la swala. Akalivuta, kwaru, akapumzika, akalivuta tena, kwaru, na Chui akatazama, na Chui akatabasamu. Meno yote yalionekana.

Tosha naye hakuwa na haraka. Alimwendea Chui, akapanda kwenye mguu wake wa mbele, akamshika sharubu moja, akavuta. Watu wakazuia pumzi. Lakini mjukuu na babu ni watani, nani asiyejua? Chui alipepesa macho tu.

"Babu," akasema Tosha, "siku ile mimi nilikuwa kapuni nasikia. Ulimuuliza mama kama anadhani pale ni kwa mjomba wake."

"Hm," akasema Chui.

"Ndiyo, alikuwa anadhani."

Wakaenda zao. Mwezi ulikuwa umepanda, na njia yote hadi kwenye kichuguu ilikuwa nyeupe. Sikudhani alikuwa anavuta paja, watoto wawili wamelala juu yake, na Tosha anatembea pembeni huku anayumba kwa usingizi.

"Mama, kweli bibi alinyonya kwa chui?"

Sikudhani akacheka. Akafungua mdomo amwambie: mwanangu, nilibuni, nilibuni neno moja baada ya jingine ili mpate kushuka. Lakini alipogeuka, Tosha alikuwa amejilaza njiani, amekwisha kulala. Na kutoka kwenye kile kifua kidogo ilikuwa inatoka sauti ya chini chini, kama mtu anasaga chumba cha pili.

Mrrr. Mrrr. Mrrr.

Sikudhani akasimama pale njiani na paja lake. Hakucheka tena. Alikumbuka mvua, akamkumbuka mama yake, akakumbuka sikio ambalo hakulitaja yeye.

Kesho yake, jua utosini, bonde linasinzia, akaenda mpaka kwenye mkuyu. Nyama alikuwa nayo nyumbani, hakufuata nyama.

"Shikamoo, mjomba."

Kule juu jicho moja likafunguka. Chui alikuwa na njaa, na alikuwa na hasira za tangu jana. Akamtazama kwa muda.

"Huna adabu," akasema. "Marahaba. Kaa hapo kivulini unihesabie tena. Ile ya ubavuni."

Naye Sikudhani akakaa, akafumba macho, akaanza.

Haya, mmebaki wangapi? Wote wengine wamelala. Basi hili funzo ni lenu mliobaki, mtawapa wao asubuhi.

Funzo ni hili: uongo haufai hata kidogo. Mmeona wenyewe ulivyomtesa Sikudhani: akarudi nyumbani amechoka, anavuta paja zima peke yake. Funzo la pili, mtoto asimvute babu yake sharubu, isipokuwa mbele za watu. Na la tatu, usijisumbue kutafuta ukoo wako, kwa sababu unaweza kuupata, na ukiupata utalazimika kuuamkia kila siku.

Nimeifunga ngano, ufunguo nimeutupa bwawani. Aliyelala tusimwamshe. Sikilizeni anavyokoroma, mkaulize kwao nani alimnyonyesha.